Tiketi mbili za bei nafuu si safari moja

Kutoka Nairobi hadi Toronto hakuna ndege ya moja kwa moja. Lazima uunganishe mahali, labda Addis Ababa, Doha au Amsterdam. Hapo ndipo wengi wetu tunachomeka: tunanunua tiketi moja leo, nyingine mwisho wa mwezi, kisa zote mbili zinakuja rahisi kidogo.

Sisi ni watu wa malipo. Ukilipa mara mbili, kwetu ni sawa tu. Lakini kusema ukweli, usifanye hivyo. Tiketi ikiwa moja, ndege ya kwanza ikichelewa ukaachwa na ya pili, ni jukumu la shirika kukutafutia nyingine. Zikiwa mbili tofauti, shirika la pili linahesabu hukufika, na nauli imeenda hivyo.

Halafu kuna mizigo. Mara nyingi itabidi uichukue na kuikabidhi upya, na huenda ukalazimika kupita uhamiaji. Ukiwa Amsterdam na pasipoti ya Kenya, bila visa ya Schengen hutoki.

Na kama unagawa safari kwa sababu muamala mmoja wa simu hauwezi kupita Sh250,000, tulia. Muulize ajenti kama atapokea malipo mawili kwa tiketi ileile. Kabla hujaweka PIN, muulize pia: nambari ya buking ni moja hadi Toronto? Akianza kuzungukazunguka, weka simu mfukoni.