*TAARIFA YA TAWI: Seva za Serikali zikusanywe, lakini zisikae zote chini ya paa moja*



Kwenye kikao kilichopita mwenzetu mmoja aliuliza: hizi habari za Serikali kukusanya pamoja mitambo yake ya kuhifadhi data zinatuhusu nini sisi watu wa Dumila, tunaohangaika na mahindi, mpunga na nyanya? Swali ni zuri na muda ulikuwa umekwisha. Tunalijibu hapa.

Zinatuhusu kila siku. Leseni ya biashara, ushuru, ada na faini za Serikali tunalipa kwa kontroli namba, kupitia mfumo wa GePG wa Wizara ya Fedha ulioanza 2017. Kodi ya jengo tunakatwa kwenye LUKU tangu 2021. Kontroli namba haitoki hewani. Inatoka kwenye seva, yaani kompyuta kubwa inayowaka usiku na mchana ndani ya chumba chenye kiyoyozi. Seva ikizima, POS ya mkusanya ushuru haina kazi. Gari la nyanya litasubiri, lakini nyanya hazisubiri. Na hapo ndipo stakabadhi za mkono zinaporudi, na sote tunajua fedha za stakabadhi za mkono huwa zinaishia wapi.

Zamani kila wizara, wakala na halmashauri ilitaka chumba chake cha seva. Kila chumba kilihitaji viyoyozi, betri, jenereta na fundi wake. Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 iliipa Mamlaka ya Serikali Mtandao (eGA) kazi ya kuratibu na kusimamia mambo haya, na nchi inacho Kituo cha Taifa cha Kuhifadhi Data pale Kijitonyama, Dar es Salaam, chini ya TTCL. Mwelekeo ni kuhamishia mifumo kwenye vituo vichache vikubwa. *Tawi linaunga mkono mwelekeo huo*, na sababu yetu ya kwanza ni bili ya umeme.

Tufanye hesabu ya mfano. Ofisi tano, kila moja ina seva zinazokula kilowati 3 na viyoyozi vinavyokula kilowati 3 nyingine. Jumla ni kilowati 30, saa 24, siku 365: uniti 262,800 kwa mwaka. Sasa, seva nyingi za ofisi ndogo hazifanyi kazi kubwa. Zimewashwa tu zinasubiri, kama basi linalonguruma stendi bila abiria. Zikiunganishwa, mashine chache zenye nguvu zinaweza kubeba kazi ya zote tano. Tuseme kilowati 6, na upoozaji uliopangwa vizuri kilowati 3. Hapo ni uniti 78,840. Tumeokoa uniti 183,960 na hakuna huduma iliyopungua.

Upoozaji wenyewe hauhitaji miujiza. Hewa baridi ipite upande mmoja wa seva, ya moto itoke upande mwingine, zisichanganyike. Na chumba si lazima kiwe friji. Wataalamu wa upoozaji duniani wanakubali hewa inayoingia kwenye seva iwe kati ya nyuzi 18 na 27. Anayeweka kiyoyozi nyuzi 16 ili fundi avae koti anachoma fedha za umma.

Wapo watakaosema umeme sasa upo, Bwawa la Mwalimu Nyerere lina megawati 2,115, kwa hiyo kubana ni kwa nini? Umeme kuwepo hakufuti bili. Na gridi ikipata hitilafu, chumba cha seva kinahamia kwenye jenereta, na dizeli kila mtu anajua bei yake. Mgao wa mwishoni mwa 2023 hatujausahau.

Lakini kuna upande wa pili, na hapa ndipo tunatofautiana na wanaoshangilia tu.

Septemba 2025 moto ulizuka kwenye kituo cha data cha Serikali ya Korea Kusini, mjini Daejeon, wakati betri zikihamishwa. Mifumo zaidi ya 600 ilizimwa. Hifadhi ya nyaraka za watumishi wa umma iliungua na haikuwa na nakala kamili mahali pengine. Hiyo ni nchi iliyoendelea sana kwa teknolojia. Walikusanya vizuri, lakini nakala hawakuzigawa.

Sisi wa Dumila tusihitaji kufundishwa hilo na Korea. Januari 2014 mafuriko yalipoharibu daraja hapa kwetu, barabara ya Morogoro–Dodoma ilikatika na magari yakapanga foleni pande zote mbili. Mzigo ulikuwepo, wateja walikuwepo, njia ndiyo haikuwepo. Data nayo ina barabara yake, mkongo, na ina daraja lake.

Kwa hiyo msimamo wa Tawi ni huu. Mifumo ikusanywe, ila kila mfumo unaopokea fedha za wananchi uwe na nakala hai kwenye kituo cha pili, mji mwingine, wenye njia nyingine ya mkongo, na kuhama huko kujaribiwe kwa vitendo kila mwaka. Makaratasi ya mpango hayatoshi.

Pia chumba cha seva kiwe na mita yake. Leo umeme wake umefichwa ndani ya bili ya ofisi nzima, na kwa lugha ya kihasibu gharama isiyo na mstari wake haikaguliki. Tukiambiwa kesho kwamba tumeokoa, tutauliza tumeokoa kutoka ngapi.

Kabla ya Baraza la Madiwani la bajeti tutamkabidhi diwani wetu maswali matatu kwa maandishi: halmashauri ina vyumba vingapi vya seva ambavyo bado vinawaka, vinakula uniti ngapi kwa mwezi, na mtandao ukiwa chini ushuru unakusanywa kwa utaratibu gani. Mwanachama mwenye stakabadhi ya mkono aliyopewa siku ya "mtandao hakuna", au aliyetozwa mara mbili kwa mzigo mmoja, alete nakala ofisi ya tawi kabla ya Ijumaa. Tutaziambatanisha.

Imetolewa na:
*Katibu wa Tawi, Dumila*