Maoni: Jeep inaanza kupinduka kwa fundi wa galeri

Mutu akinunua jeep hapa Kalemie, swali lake la kwanza haliko juu ya pine wala juu ya moteri. Anauliza: nitaweka galeri gani? Gari imetoka tu kuteremushwa kwenye bandari, bado haijaonja hata mavumbi ya barabara ya Nyunzu, na mwenyewe iko tayari kwa fundi wa kuunga vyuma na mita mukononi. Anataka galeri ndefu, kuanzia juu ya kioo cha mbele mpaka mulango wa nyuma. Anataka kingo zenye kupanda ili mizigo isianguke. Anataka na ngazi nyuma. Fundi anapima, anakata tiyo, anaunga, na kisha siku mbili jeep inatoka pale imevaa kofia ya chuma. Mwenyewe anajisikia kama amepata gari mbili kwa bei ya moja.

Mimi pia nilikuwa vile, ndiyo sababu ninaandika.

Galeri ya kwanza yenye familia yetu ilitengenezesha ilikuwa na urefu wa mita mbili na nusu, kingo za sentimeta 30, na ngazi ya vipandio tano. Tuliomba tiyo nzito kabisa, sababu fundi alituambia nyepesi itatuvunjikia njiani. Hakuna mutu katika familia mwenye aliuliza hiyo galeri yenyewe ina kilo ngapi. Tulikuja kujua nyuma, siku yenye tuliiteremusha: wanaume wane waliibeba, na wote wane walikuwa wanalalamika.

Kwa safari za kwanza kila kitu kilienda muzuri. Tulikuwa tunatoka Kalemie na mifuko ya ndagala ya kukauka. Mwenye anajua ndagala anajua kwamba mufuko unaweza kuwa munene kama mutu lakini mutoto wa shule anaubeba. Jeep ilionekana imejaa mpaka mbinguni, na kumbe haikuwa imebeba kitu. Tatizo lilikuwa kurudi. Kutoka Nyunzu haurudi na ndagala, unarudi na mahindi, unga wa mihogo, mafuta ya mawese na makala. Gunia moja la mahindi linaweza kufika kilo 100. Bido ya mawese ya litre 20 ni kilo 18. Galeri ni ileile, kamba ni zilezile, lundo linaonekana hata dogo kuliko la kwenda, na kila mutu anasema: mbona bado kuko nafasi?

Siku yenye ninazungumuzia ilikuwa katika mvua ya Mwezi wa 3. Juu kulikuwa magunia matatu ya mahindi, na juu ya magunia watu watano. Ndani tulijaa. Kwenye pahali pamoja barabara ilikuwa imelainika upande wa kushoto, na pine za kushoto zikaanza kushuka. Gari haikuruka kama katika sinema. Tulikuwa tunatembea kama mutu wa miguu. Iliinama polepole, kama muzee mwenye kusinzia kwenye kiti, ikafika pahali ambapo ingeweza kurudi, haikurudi, ikalala. Wale wa juu waliruka. Mama mumoja alivunjika mukono. Gunia moja lilianguka palepale kijana mumoja alikuwa ameketi dakika moja mbele ya ile. Tulimushukuru Mungu, tukaita watu wa kijiji, tukasimamisha gari, na jioni wote tukaanza kumulaumu shofere.

Lakini shofere hakukosa. Alikuwa anaenda mwendo mudogo, hakunywa kitu, na ile barabara anaijua kuliko mimi. Wenye tulikosa ni sisi wenye tulikuwa tumeketi kwa fundi, miezi minane mbele ya ile siku, na tukamuomba atutengenezee balkoni.

Tufanye hesabu kidogo, ni ya darasa la sita tu. Tuseme jeep tupu ina kilo 2.300, na uzito wake, tukiukusanya pahali pamoja, unakaa sentimeta 80 kutoka chini. Weka kilo 200 juu, kwenye urefu wa mita 2 na sentimeta 30. Ile sehemu ya uzito inapanda kutoka sentimeta 80 mpaka sentimeta 92. Sentimeta 12 tayari, kwa magunia mawili. Sisi siku ile, tukihesabu galeri, mahindi na watu watano, tulikuwa na zaidi ya kilo 600 juu. Hesabu ileile, bila wale wa ndani, inapandisha uzito zaidi ya sentimeta 30. Upana wa jeep haukuongezeka hata kidogo. Wenye wanasafiri ziwani wanaelewa hii kitu bila kalamu: boti yenye mizigo yake iko chini inayumba na kurudi, boti yenye mizigo na watu wako juu inayumba mara moja tu.

Kuna na jambo lingine lenye wauzaji wa gari hawakuambie. Kwa jeep mingi za siku hizi, zile Prado na RAV4 zenye zinajaa muji wetu, watengenezaji wanaruhusu kati ya kilo 75 na 100 tu juu ya paa wakati gari inatembea, na uzito wa galeri unahesabiwa ndani ya zile kilo. Kitabu cha gari kinasema, kama bado unacho. Sasa pima galeri kama ile yetu ya zamani: karibu mita 40 za tiyo ya mraba ya milimeta 25, yenye unene wa milimeta 3. Mita moja ya hiyo tiyo ina kilo 2. Ni kilo 80. Ukiiweka juu ya Prado, ruhusa yako imekwisha mbele hujafunga hata mufuko wa kwanza. Land Cruiser za zamani zenye ule mufereji mudogo wa chuma kando ya paa zinavumilia zaidi, na ndiyo sababu mashofere wetu wanazipenda. Lakini kuvumilia haiko kusema kwamba haziinami.

Basi tuchague nini? Kuko wenye watasema: ununue ya aluminiyumu, ya kutoka Afrika ya Kusini kama zile za Front Runner, ao za Rhino-Rack za Australia. Ni nyepesi, ni nzuri, haziote kutu, na hii hewa ya ziwa haizisumbue sana. Sikatae. Kama uko na pesa na unatembea na watu wanne na mahema yako, uinunue. Lakini fikiria siku yenye itapasukia njia ya Bendera. Fundi wa pale, kama iko na jeneretere, anaweza kuunga chuma chochote saa ileile. Aluminiyumu inaomba mashini ingine na gazi yake, na hiyo hautaipata chini ya muembe. Pia maneno mingi yenye wazungu wanaandika juu ya galeri, kwamba inapiga kelele na inakula mafuta kwa sababu ya upepo, hayatuhusu sana. Upepo gani kwa kilometa 25 kwa saa? Kwetu mafuta inaliwa na uzito na matope.

Kwa hiyo mimi niko upande wa chuma, lakini chuma chepesi. Tiyo ileile ya milimeta 25, yenye unene wa milimeta moja na nusu, ina kilo moja na kidogo kwa mita. Galeri fupi ya mita moja na nusu hivi, yenye kukaa katikati ya gari na siyo nyuma yote, inatosha na haifike kilo 30. Na fundi mwenye anasema nyepesi itavunjika anasema kweli nusu. Galeri inavunjika pale miguu yake ni michache ao imefungwa vibaya. Omba miguu sita, hata minane, yenye kushika ule mufereji kila upande, ili uzito ugawanyike. Kama gari yako haina mufereji, ushike zile reli zenye ilitoka nazo kiwandani, na ukubali kilo zake kidogo. Usikubali mutu atoboe paa. Tundu moja la bulo katika mvua ya Kalemie, kisha mwaka mumoja utakuwa na kutu ndani, na maji yatakuwa yanadondoka kwenye shingo yako. Na kisha kilometa 50 za kwanza, simama, shuka, ukaze bulo zote tena. Ile barabara yenye mawimbi-mawimbi inazilegeza kuliko mukono wa mutu.

Lakini mambo mawili ndiyo yanapita yote, na haya hayaombi pesa, yanapunguza pesa: usiweke ngazi, na usiweke kingo zenye kupita upana wa ngumi. Ngazi inaita watu. Shofere anaweza kukataa mara tatu. Mara ya ine kuna mama mwenye mutoto mugonjwa, ao mwanajeshi, ao mutoto wa shangazi yake, na ngazi iko pale inaangalia. Kingo za sentimeta 30 nazo zinaahidi mutu kwamba iko na kitu cha kushika. Galeri ya chini, yenye haina ngazi, inamukatalia badala ya shofere. Mizigo myepesi inafungwa vizuri kwa kamba na bashe, haihitaji ukuta: ndagala, matandiko, bido tupu, vikapu vya kuku, pine ya akiba. Vizito vinakaa chini, kwenye sakafu ya gari, karibu na katikati.

Ninajua jibu la wamama wa soko, sababu walinipa. Mumoja aliniambia waziwazi: papa, ukiweka mahindi yangu chini, mimi nitaketi wapi? Ni swali la haki. Reli ya kutoka Kabalo ilifika hapa kwenye ziwa mwaka 1915, na wagoni moja inabeba kile jeep kumi hazibebe, lakini leo treni haipite kila siku, na mwenye mahindi hawezi kungoja mpaka panya wakule. Barabara ikikatika na mvua, kuanzia Mwezi wa 10 mpaka wa 4, jeep inakuwa soko, inakuwa ambulansi, inakuwa posta. Kumuambia ule mama apunguze mizigo ni kumuambia apunguze kile watoto wake watakula. Sina dawa ya hiyo yote, na mutu mwenye anasema iko nayo anadanganya. Ninasema tu kwamba gunia lenye limebaki Nyunzu linaweza kuja wiki ingine.

Na wenye wanaweza kuanza ni wale wenye kutengenezesha galeri mingi: wafanyabiashara wenye jeep tatu ao ine, maparokia, mashirika, hata makampuni ya kuchimba madini yenye yanapita kuelekea Manono. Fundi anatengeneza kile anaombwa. Kwenye vizuizi vya barabara watu wanaangalia karatasi, mara chache mutu anainua macho kuangalia juu. Tuko na sheria ya barabara ya tangu 1978, lakini sheria haiketi kwa fundi siku unamuonyesha urefu kwa mikono yako.

Galeri yetu mupya ina mwaka mumoja sasa. Siku ya kwanza kwenye parking kijana mumoja wa kupandisha mizigo aliizunguka jeep mara mbili, akitafuta ngazi. Shofere wetu bado hajakubali. Kila mwisho wa mwezi ananiletea karatasi ya zile nafasi tano zenye tunapoteza kila safari, na hesabu yake ni ya kweli, hakuna franka yenye anaongeza. Mimi ninamuonyesha yangu ya sentimeta 30. Anacheka, anasema mutu hawezi kulipa mazutu na sentimeta, kisha anaenda kukaza bulo.