Kalunguyeye mgonjwa bustanini: msaidie, lakini jilinde

Mama mmoja alimleta kwenye kliniki yangu mtoto wa miaka sita aliyekuwa na choa viganjani. Dawa ya kupaka aliyonunua dukani ilikuwa haijafua dafu. Nilipodadisi, mtoto alitoboa siri. Majuma mawili awali alimwokota kalunguyeye mgonjwa bustanini, akamficha katika katoni chini ya kitanda na kumnywesha maziwa hadi akafa.

Mtoto huyo simlaumu hata kidogo. Alikuwa na huruma, ila alikosa mtu mzima wa kumwelekeza. Watu wazima wengi tukimwona mnyama huyu tunachukua fimbo, au tunamwachia mbwa. Kwa maoni yangu, mambo yote hayo mawili ni makosa.

Kalunguyeye si nungu, na miiba yake mifupi haina sumu. Hula wadudu, jongoo na konokono, kwa hivyo ni rafiki wa mwenye bustani. Kwa kawaida hutembea usiku. Ukimkuta mchana akiyumbayumba, ukimgusa asijikunje, au nzi wamemzonga, basi yu mgonjwa au ameumia.

Ufanye nini, ndugu msomaji? Kwanza waondoe watoto na mbwa. Vaa glovu nene au tumia taulo kuukuu, kisha umweke katika katoni yenye matundu na vitambaa. Chupa ya maji ya vuguvugu iliyofungwa kitambaa itampa joto. Muwekee maji katika kifuniko kisicho na kina. Usimpe maziwa kamwe, kwani humharisha na kumdhoofisha zaidi. Wala usimpe dawa za binadamu. Kisha wasiliana na daktari wa mifugo au maafisa wa KWS. Kumfuga bila kibali ni kuvunja sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013.

Sasa nizungumze kama daktari wa watu. Kalunguyeye anaweza kumwambukiza binadamu choa, kama ilivyompata mtoto yule. Aidha, anaweza kubeba bakteria wa salmonela, ambao huleta homa, kuhara na maumivu ya tumbo, hata akionekana mzima. Mnamo mwaka wa 2019 wakuu wa afya nchini Marekani, ambako kalunguyeye wa jamii ya Kiafrika hufugwa nyumbani, walitangaza mlipuko wa maradhi hayo uliohusishwa nao. Kwa hivyo nawa mikono kwa sabuni kila umgusapo, na vyombo vyake usivioshee jikoni.

Akikuchoma kwa miiba, safisha jeraha na uulize kama chanjo yako ya pepopunda bado ina nguvu. Akikuuma, usingoje. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende hospitali siku hiyo hiyo. Ni kweli kwamba hapa kwetu kichaa cha mbwa huenezwa hasa na mbwa, lakini mamalia yeyote anaweza kuambukizwa. Dalili zikishaanza, ni nadra sana mgonjwa kupona. Uamuzi wa kudungwa chanjo au kutodungwa mwachie daktari; usiufanye wewe nyumbani.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii. Kabla hujauliza mnyama huyo ana ugonjwa gani, jiulize ulinyunyiza nini bustanini juma lililopita. Tunanunua dawa za kuua wadudu na konokono, tunapima kwa macho na kumwaga. Kalunguyeye hula wadudu wale wale waliokwisha kunywa sumu. Na juu ya nyasi hizo hizo, mtoto wako hutambaa, kisha hutia vidole mdomoni. Mara ngapi sisi madaktari tumeletewa mtoto aliyekunywa dawa ya wadudu iliyohifadhiwa katika chupa ya soda!

Basi soma maagizo ya dawa, ipime kama ulivyoelekezwa, ihifadhi katika chombo chake na uifungie mbali na watoto. Na mtoto akikuletea mnyama mgonjwa, usimfokee, kwani kesho atamficha. Mnawishe mikono, kisha mumsaidie mnyama huyo pamoja.