Matumla na Mwakinyo: pambano tulilochelewa kuliona

UKIKAA kijiwe cha kahawa pale Mashewa, wilayani Korogwe, jioni ambayo Simba na Yanga hazichezi, utasikia habari za ngumi. Ubishi ni ule ule kila siku. Rashid Matumla akiwa kwenye ubora wake na Hassan Mwakinyo akiwa kwenye ubora wake, nani angemkalisha mwenzake?

Vijana wa bodaboda wako kwa Mwakinyo. Ni mtoto wa Tanga, mkoa wao, na mapambano yake wanayo kwenye simu. Wazee wako kwa Matumla, ‘Snake Boy’, na hawataki kusikia jina jingine.

“Shikamoo babu, lakini huyo Matumla wako hamalizi raundi mbili. Muulize Eggington.”

“Marahaba mjukuu wangu. Wewe Matumla umehadithiwa, mimi nimemwona.”

Hapo kijiwe kizima kinacheka, kahawa inaongezwa, na hakuna anayekubali kushindwa.

Wabishi wa Mashewa wasijione wajinga. Wamarekani walishabishana hivi hivi kwa gharama kubwa zaidi. Mwaka 1969 Muhammad Ali, ambaye wakati huo alikuwa amefungiwa kupigana, alikutanishwa na Rocky Marciano, bingwa wa uzito wa juu aliyestaafu mwaka 1956 bila kupoteza pambano hata moja kati ya 49. Walirekodiwa wakipigana raundi nyingi za kuigiza, halafu mshindi akaachiwa kompyuta. Marciano alifariki kwenye ajali ya ndege Agosti mwaka huo huo, hata filamu haijaonyeshwa. Ilipotoka Januari 1970, Wamarekani waliona Marciano akishinda kwa KO raundi ya 13. Ulaya wakaonyeshwa mwisho mwingine, Ali ndiye mshindi.

Yaani hata kompyuta iliwapa watu kile walichotaka kukiona. Ubishi ukabaki pale pale.

Kwa hiyo anayetaka kuamua kesi ya kijiweni kwa haki aanze na mambo mawili: uzito na miaka. Kumchukua Marciano, aliyekuwa na kilo kama 85 hivi, ukamweka mbele ya Tyson Fury mwenye zaidi ya kilo 110, hayo si masumbwi tena. Na ukisema Mike Tyson, useme ni Tyson yupi. Wa mwaka 1988 aliyemmaliza Michael Spinks kwa sekunde 91, au wa 1990 aliyeangushwa na Buster Douglas kule Tokyo? Mtu ni yule yule, miaka miwili tu imepita.

Kwenye uzito, Afrika Mashariki tuna bahati ambayo wengi hawaioni. Kila siku tunabishana kuhusu Ali na Tyson, watu wa uzito wa juu, wakati uzito wetu sisi ni super welter, pauni 154, kama kilo 69.8 hivi. Hapo ndipo Mwakinyo alipojitengenezea jina na ndipo Matumla alipotamba, akafika mpaka kushika mkanda wa dunia wa WBU. Na hapo hapo ndipo walipopita Waganda wawili ambao vijana wengi wa leo hawawajui: Ayub Kalule na John Mugabi.

Kalule, bondia wa mkono wa kushoto aliyefanyia kazi zake nyingi Denmark, alitwaa ubingwa wa dunia wa WBA nchini Japan Oktoba 1979. Juni 1981 alisimama mbele ya Sugar Ray Leonard pale Houston na kwenda naye mpaka raundi ya tisa ndipo akasimamishwa. Mugabi, ‘The Beast’, alichukua medali ya fedha ya Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, akaingia ngumi za kulipwa na kuwamaliza kabla ya muda wote aliokutana nao, hadi Machi 1986 alipomvaa Marvin Hagler huko Las Vegas. Alipigwa KO raundi ya 11, lakini waliokuwepo hawakumsahau. Mwaka 1989 naye akawa bingwa wa WBC kwenye uzito huo wa super welter.

Sasa waweke hao wanne kwenye ulingo mmoja, kila mmoja kwenye mwaka wake mzuri.

Mwakinyo wa Septemba 8, 2018 ni mtu wa kuogopwa. Alikwenda Birmingham, nyumbani kwa Sam Eggington, mbele ya watu ambao hata jina lake hawakuweza kulitamka, akammaliza raundi ya pili. Ule mkono wa siku ile unaweza kumlaza mtu yeyote wa kilo zile akikaa vibaya. Lakini Mwakinyo huyo huyo, Septemba 2022 kule Liverpool, pambano lake na Liam Smith liliishia raundi ya nne huku akilalamikia mguu. Mbele ya Kalule, aliyekuwa na pumzi ya raundi 15 na mguu usiotulia, angehitaji kumaliza kazi mapema. Zikifika raundi sita, Kalule anashinda kwa pointi.

Matumla na Mugabi? Wazee wa Mashewa watanuna, ila ukweli usemwe. Wepesi wa Snake Boy ungemfanya Mugabi apige hewa raundi nne au tano. Shida ni kwamba kwa Mugabi ilitosha ngumi moja tu imkute mtu. Hapo anayempa Matumla ushindi anatumia moyo.

Na Matumla kwa Mwakinyo, kesi yenyewe ya kijiweni? Ikiisha kabla ya raundi ya nne, Mwakinyo kashinda. Ikifika raundi ya 12, Matumla kashinda, kwa sababu ulingo aliujua zaidi na hakuwa mtu wa kupaparika. Ukilazimisha jibu moja, Matumla kwa pointi, tena kwa tofauti ndogo. Vijana wa bodaboda wana ruhusa ya kukasirika.

Lakini angalia kinachowatenganisha Waganda wale na wetu. Wote wanne mikono walikuwa nayo. Kalule na Mugabi walipata kupimwa: Kalule alipewa Leonard, Mugabi akapewa Hagler, tena miaka yao ikiwa bado ipo. Wakapigwa, na bado heshima yao ikapanda, maana dunia ilijua sasa wanasimama wapi. Matumla hakupewa mtu wa daraja hilo wakati mwili wake unamruhusu. Ndiyo maana hadi leo anapimwa kwa kahawa.

Na hata hapa nyumbani tumekuwa tukichelewa. Francis Cheka, aliyeshika mkanda wa WBF mwaka 2013 kwa kumpiga Mmarekani Phil Williams pale Diamond Jubilee, alikutana na Matumla kweli. Wakati huo Cheka anapanda na Matumla, aliyemzidi zaidi ya miaka kumi, anashuka. Cheka alishinda, lakini muulize mzee yeyote kama matokeo yale anayahesabu. Atakwambia yule hakuwa Matumla. Na huwezi kumbishia sana, maana dunia nzima inasema hivyo hivyo kuhusu Lennox Lewis na Tyson. Walipokutana Memphis Juni 2002, wote walikuwa wamefika miaka 35 na kupita. Lewis alimpiga KO raundi ya nane, na mashabiki wa Tyson wakarudi nyumbani na sentensi yao ile ile: angekuwa Tyson wa 1988!

Sentensi hiyo ndiyo deni ambalo mapromota huwaachia mashabiki. Pambano la Mwakinyo na Twaha Kiduku limetakiwa kwa miaka, limezungumzwa redioni na mitandaoni, na maneno yamekuwa mengi kuliko ngumi. Mara uzito, mara dau, mara kambi hii haitaki ile. Sababu nyingine ni za kweli, maana bondia anaishi kwa mikono yake na hawezi kupigana kwa hasara ili watu wafurahi. Lakini miaka ya bondia haimsubiri mtu. Mwenye bahati anapata mitano, sita ya ubora wa kweli. Kila mwaka unaoliwa na mazungumzo haurudi, na pesa ya pambano nayo inapungua, kwa sababu shabiki halipi kiingilio kikubwa kuangalia watu wawili waliochoka.

Mtoto wa Mashewa anayetaka ngumi lazima kwanza apande gari kwenda Korogwe, au Tanga mjini alikotokea Mwakinyo. Akishafika huko, akafanya mazoezi miaka, akapanda mpaka juu, anastahili kupewa mtu wa kumpima mapema, awe wa hapa nyumbani au wa nje. Akishinda tutajua, akipigwa tutajua.

Tusipofanya hivyo, mwaka 2050 kutakuwa na babu mwingine pale kijiweni, pengine mmoja wa hawa hawa vijana wa bodaboda, anamwambia mjukuu wake kwamba Mwakinyo wa Birmingham angempiga yeyote. Mjukuu ataomba kuonyeshwa pambano lenyewe, na babu hatakuwa na la kumwonyesha.