Dini si kete ya bao

Kila mchezo una mafunzo yake. Bao humfunza mtu kuhesabu kete kabla hajazisogeza, na karata humfunza kuficha alichonacho mkononi. Wazee wetu walilijua hilo, ndiyo maana hawakuona haya kukaa barazani baada ya swala ya alasiri wakachezeana bao mpaka magharibi. Walijua kwamba aliyeshika kete amekaa chuoni bila ya kujitambua.

Leo, msomaji mpenzi, nataka tuuzungumze mchezo wa aina nyingine, wa kompyuta, uitwao Civilization. Ulibuniwa Marekani na Sid Meier na wenzake na ukatoka mwaka 1991, na hadi sasa umekwisha kutolewa katika matoleo saba makubwa. Huchezwa kwa zamu kama bao lenyewe: nikimaliza mimi, wacheza wewe. Mchezaji huanza na kijiji kimoja, akajenga miji, akalima, akafanya biashara, akafunza askari, mpaka awe na dola ya kushindana na dola nyingine. Vijana wetu wanaucheza, wengine kwenye kompyuta, wengine kwenye simu, na sisi wazazi hupita tukidhani ni katuni.

Si katuni. Ndani yake mna mambo yetu. Toleo la nne, la mwaka 2005, lilifunguliwa kwa wimbo wa Kiswahili, Baba Yetu, ambao maneno yake ni sala ya Wakristo na muziki wake ulitungwa na Mmarekani Christopher Tin. Mwaka 2011 wimbo huo ulipata tuzo ya Grammy, tuzo ya kwanza ya aina hiyo kupewa muziki uliotungiwa mchezo wa kompyuta. Na katika nyongeza ya toleo la sita, iliyotoka mwaka 2018, Kilwa Kisiwani imewekwa miongoni mwa maajabu ya dunia ambayo mchezaji aweza kuyajenga. Basi lugha yetu imo, na mji wetu umo. Haitufai kusema kwamba mchezo huu hautuhusu.

Lakini linalonishughulisha mimi ni dini. Toleo hilo la 2005 ndilo lililoingiza dini saba zenye majina yake, Uislamu na Ukristo zikiwamo. Mwaka 2012, katika nyongeza ya toleo la tano, imani ikafanywa kitu cha kuhesabiwa kwa pointi kama dhahabu. Na katika toleo la sita, la mwaka 2016, mchezaji aweza kushinda mchezo mzima kwa dini peke yake, bila ya kuteka mji hata mmoja kwa upanga. Atakalo ni dini yake ifuatwe katika zaidi ya nusu ya miji ya kila dola iliyomo mchezoni.

Mpwa wangu, kijana wa Mkwiro, katika kisiwa cha Wasini, aliamua kuijaribu njia hiyo. Nilikaa naye nikamtazama. Aliacha kufunza askari, akajenga mahali patakatifu mapema kuliko wenzake. Pointi za imani zilipofika 25 akachagua miungu ya mwanzo ya kuombwa na watu wake. Baadaye akampata aitwaye nabii mkuu, naye ndiye aliyemruhusu kuanzisha dini, kuipa jina na kuichagulia mafundisho: hili la kuleta mapato, lile la kuleta chakula. Kisha akanunua wahubiri kwa pointi zile zile. Kila mhubiri ana uwezo wa kuhubiri mara tatu, akishamaliza hutoweka. Na wahubiri wa dini mbili wakubwa wakikutana njiani, hupigana kwa radi ya kutoka mbinguni mpaka mmoja aanguke. Mji baada ya mji ukabadilika rangi kwenye ramani, na baada ya siku kadhaa kijana akashinda. Akageuka akaniuliza: “Mjomba, na sisi huku Pwani, ni nani aliyetushinda?”

Hilo ndilo swali lililonikalisha niandike haya. Kwa kuwa mchezo umemfunza kwamba kila mwenye dini ameshindwa na mtu fulani aliyemtumia wahubiri.

Nianze kwa kuutendea mchezo haki. Liko jambo moja umeliona sawasawa: ndani yake dini husafiri pamoja na misafara ya biashara, ikaenea polepole kutoka mji hadi mji pasina kutumwa mtu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwetu. Wachimbuzi wa mambo ya kale waliuchimba mji wa Shanga, huko kisiwani Pate, wakakuta misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine, ya chini kabisa ikiwa ya karne ya nane. Ilikuwa midogo, ya miti na udongo, ya watu wachache waliofanya biashara na watu wa ng’ambo. Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331, akielekea Kilwa, aliwakuta watu wacha Mungu wa madhehebu ya Shafi, na misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi. Hakuna jeshi lililotangulia kuwasilimisha. Zilitangulia jahazi na pepo za kaskazi, na baada ya jahazi zikaja ndoa, na baada ya ndoa vyuo.

Hapo mchezo na historia huagana. Mchezo wasema kwamba dini ni mali ya mfalme, naye aitumie apendavyo. Basi na tumtazame mfalme mmoja wa Mombasa. Yusuf bin Hasan alikuwa mtoto tu baba yake, Sultani Hasan, alipouawa mwaka 1614 kwa hila za Wareno. Wareno wakamchukua mtoto wakampeleka Goa, akalelewa na mapadri wa Kiagostino, akabatizwa Dom Jerónimo. Kisha wakamrudisha Mombasa awe mfalme. Kwa hesabu ya mchezo, hapo hapakuwa na kasoro: mfalme amekwisha kugeuzwa, mji wote utamfuata. Mwezi wa Agosti mwaka 1631, Yusuf aliingia Ngomeni, akamuua kapteni wa Kireno, akarudi katika Uislamu, na Wakristo wengi, Wareno na Waafrika, waliokataa kusilimu wakauawa. Mwaka uliofuata yeye naye akauhama mji. Dini iliyotiwa mtu kwa ajili ya dola haikumfaa aliyeitia wala aliyetiwa, na damu iliyomwagika ilikuwa ya watu ambao hawakulipanga lolote katika hayo. Wale Wakristo wa Kiafrika waliokufa kwa kushikilia imani yao walikuwa kete katika hesabu ya nani?

Tuje huku kwetu kusini. Wadigo walisilimu kwa wingi mwishoni mwa karne ya kumi na tisa na mwanzoni mwa ile ya ishirini. Walikwenda Vanga, Wasini, Gasi na Mombasa kuuza na kununua, wakafanya urafiki na udugu na watu wa miji hiyo, na waliosoma wakarudi vijijini wakafungua vyuo. Mdigo aliyesilimu hakuyatupa yake yote siku hiyo. Mirathi kwa ada ya Kidigo ilipitia upande wa mama: mpwa ndiye aliyemrithi mjomba wake. Sharia humpa mtoto urithi wa babake. Mabishano juu ya jambo hilo yalidumu miaka na miaka, nyumbani na hata mbele ya mahakama za enzi ya ukoloni. Mtu aliswali swala tano, na bado akajiuliza shamba la minazi amwachie nani. Je, mtu huyo ramani ingempaka rangi gani?

Na nenda Kinondo, karibu na Diani. Msitu wa kaya bado umesimama, na tangu mwaka 2008 ni mmojawapo wa misitu ya kaya za Wamijikenda iliyoandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia. Katika jamii inayoulinda, Waislamu ndio wengi. Mchezo hauna nafasi ya jambo kama hilo. Katika mchezo mji mmoja una dini moja iliyoshinda, na zilizobaki ni mabaki ya kufagiwa.

Msomaji ataniuliza, kwa nini nichachamae hivi kwa ajili ya mchezo wa watoto? Nitajibu. Katika miaka ya 2010 tuliwaona vijana wa Pwani hii, wa Kwale wakiwamo, wakivutwa kuvuka mpaka kwenda Somalia kujiunga na Al-Shabaab. Waliowavuta hawakutumia mchezo wa kompyuta, wala mimi sidai kwamba mchezo humfanya mtu kuwa muuaji. Nasema tu kwamba ramani waliyowaonyesha vijana wale ilikuwa ni hiyo hiyo: dunia ya rangi mbili, yetu na yao, na kijana ni kete ya kusogezwa mpaka itoweke. Kijana aliyejua jinsi dini ilivyofika kwa babu zake, kwa ujirani na hiari na subira, angekuwa na jibu la kumpa mtu yule. Wengi hawakulijua, maana hatukuwafunza. Tuliwafunza kusoma, tukawafunza kuswali, hatukuwafunza walikotoka.

Kwa hiyo siungani na wale wasemao mchezo huu upigwe marufuku. Neno “nabii” kupatikana kwa pointi laniudhi, kwani nimekaa chuoni nikajua uzito wake, lakini kijana anyang’anywaye mchezo hubaki na swali lake. Afadhali mwalimu wa madrasa na mwalimu wa shule wakae naye, wacheze zamu mbili tatu, kisha wamuulize: hawa waliobadilika rangi, uliwauliza? Mirathi yao imekuwaje? Mke wa dini ile na mume wa dini hii wanaishi vipi? Kisha wampeleke Shanga, Kilwa na Kinondo, kwa miguu au kwa vitabu.

Jibu nililompa mpwa wangu ni kwamba hakuna aliyetushinda. Walikuja wageni, tukakaa nao, wakajifunza kwetu nasi tukajifunza kwao, na ilichukua karne nyingi. Akasema mchezo kama huo hauwezi kwisha. Nikamwambia ni kweli, haujesha. Naye nikamwachia ubeti huu, ambao nawaachia nanyi:

Dini haimo sokoni, kwa pesa kununuliwa,
Wala si wino ramani, kwa kalamu ikatiwa,
Huja na mwema jirani, kwa hiyari hupokewa,
Ikakaa mtimani, ni Mola anayejuwa.