Tangazo la Mkopo Limfikie na Mtoto Asiyeona na Asiyesikia

Ndugu mkulima, ndugu mfanyabiashara, leo naweka pembeni alizeti na asali. Nataka tuzungumzie mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, hasa kwa watoto wetu wasioona na wasiosikia. Kuna atakayesema afisa ugani ameacha kazi yake. Lakini gunia linalouzwa kulipia ada ya maombi, vyeti na nauli ni la alizeti ileile tunayohangaika nayo shambani. Mtoto akikosa mkopo kwa kukosa taarifa, hasara hiyo ni ya kaya nzima.

Msimamo wangu ni huu: taarifa ikimfikia mzazi au jirani peke yake, mwanafunzi bado hajaipata. Ni lazima imfikie mwenyewe, kwa njia anayoweza kuitumia.

Tazama tangazo la mkopo linavyofika vijijini kwetu. Kuna picha inayozungushwa WhatsApp, karatasi iliyobandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, na spika siku ya mnada. Asiyeona hawezi kusoma ile karatasi. Simu yake inaweza kumsomea maandishi kwa sauti, lakini tangazo likiwa picha, mara nyingi simu haipati cha kusoma. Asiyesikia anaona watu wamegeukia spika na hajui kinachosemwa. Mwenye ualbino, ambaye mara nyingi ana uoni hafifu, anahangaika na herufi ndogo za ubaoni.

Na maombi yenyewe yana hatua nyingi. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi mwaka 2005, hupokea maombi kwa mtandao, na dirisha hufungwa. Kuna cheti cha kuzaliwa cha kuhakikiwa na RITA, kuna mdhamini na kitambulisho chake, kuna saini ya serikali ya kijiji na ya hakimu au wakili. Mwombaji mwenye ulemavu ana fomu yake ya ziada, inayothibitishwa na Mganga Mkuu wa Wilaya au wa Mkoa, ili hali yake izingatiwe. Hapo ndipo panaponiuma. Fomu imewekwa kwa ajili ya mtoto huyu, naye anaweza kuwa wa mwisho kuijua. Kwa familia ya Mitundu au Rungwa, kusahau karatasi moja ni nauli nyingine, na pengine ni mwaka mzima wa kukaa nyumbani.

Wapo wanaosema watoto hawa ni wachache, na ndugu zao watawajazia. Kusaidiwa ni jambo jema. Lakini mkopo si zawadi. Ni mkataba wa mwanafunzi, na yeye ndiye atakayeulipa akianza kazi. Tena akaunti ikifunguliwa kwa simu ya mjomba, ujumbe wa kutaka marekebisho unaingia kwa mjomba, na mjomba yuko porini anarina asali.

Sisi wa ugani tulishajifunza jambo hili. Mkulima asiyejua kusoma hatumpi kipeperushi kisha tukamlaumu kwa kupanda vibaya. Tunamwita kwenye shamba darasa, aone na ashike. Kwa nini tumdai mtoto asiyeona asome ubao?

Haki yenyewe ipo. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa muhimu kwa maisha yake. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 iliweka kamati za watu wenye ulemavu hadi ngazi ya kijiji. Tuzitumie, tena kwa mambo madogo yasiyo na gharama kubwa:

1. Mwenye steshenari: usimjazie mteja asiyeona ukiwa kimya. Msomee kila swali na kila jibu kabla ya kutuma. Namba ya siri iwe yake, na namba ya simu iwe yake. Ukipokea tangazo la picha, lichape liwe maandishi au lirekodi kwa sauti, umtumie.

2. Mwenyekiti na mtendaji: tangazo la spika libandikwe pia kwa maandishi makubwa, na la ubaoni lisomwe kwa sauti. Kamati ya kijiji ijue mwanafunzi gani mwenye ulemavu yuko kidato cha sita, mtu aende nyumbani kwake.

3. Mzazi wa mtoto kiziwi: usidhani kumwandikia kunatosha. Kwa viziwi wengi lugha ya kwanza ni lugha ya alama, na Kiswahili cha kwenye fomu ni kigumu. Mwombe mwalimu wake anayejua alama amweleze, hata kwa video ya simu. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, nacho ni mahali pa kuulizia mkalimani.

4. Mzazi wa mtoto asiyeona: simu nyingi za Android zina TalkBack, programu ya bure inayosoma skrini kwa sauti. Iko ndani ya mipangilio ya simu. Mwache ajifunze kuitumia mapema.

Kwa wenzangu serikalini nina ombi moja. Mwongozo wa mikopo unapotoka, siku hiyohiyo utoke kwa maandishi yanayosomeka na simu, kwa sauti, kwa nukta nundu na kwa video ya lugha ya alama. Nakala ya nukta nundu inayofika wiki tatu baadaye imemlia mtoto wiki tatu za kutafuta saini.

Kama una mtoto wa namna hii nyumbani au jirani, usisubiri dirisha lifunguliwe. Wiki hii muulize yeye mwenyewe anajua nini kuhusu mkopo, kisha kagueni pamoja cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha mdhamini na uthibitisho wa mganga mkuu. Kinachopungua kianze kutafutwa sasa.