Daftari la Jiografia

Juma lililopita nilikuwa nikipekua sanduku la bati nililokwenda nalo shule ya bweni mwaka 2003. Nikakuta sketi ya buluu iliyopauka, na chini yake daftari la jiografia. Mara nikaisikia tena kengele ya alfajiri, nikaukumbuka mchakamchaka katika umande, ugali na maharage (yenye wadudu, lakini nani aliyejali?), na vicheko vya bwenini taa zikisha kuzimwa.

Nilitamani kuishiriki furaha hiyo na mwenzangu niliyeketi naye dawati moja, ambaye siku hizi ana genge mtaa wa pili. Nikamwendea, daftari mkononi. Akalifunua kurasa chache, akanirudishia.

"Wewe unayo ya kukumbuka, mwenzangu. Mimi naikumbuka siku ile ya kupimwa tu."

Nilinyamaza. Tulipokuwa kidato cha tatu, wasichana wote tulipangwa mstari tukapimwa mimba. Jioni ile yeye alifunga sanduku lake. Nasi tuliokuwa tukigawana naye hata sabuni hatukumsindikiza langoni. Tuliogopa kuonekana naye. Ruhusa ya wasichana kama yeye kurudi shuleni ilitangazwa Novemba 2021, mwanawe akiwa amekwisha kumpita kimo.

Nikamwuliza kama bado anaipenda jiografia. Akacheka, akaanza kunitajia mito ya Tanzania toka Ruvuma hadi Kagera, huku akipanga nyanya mafungu mafungu. Hakukosea hata mmoja.

Daftari nimemwachia.